Mpira wa Bwana Hupinda Kulia

Bwana wa shamba tunalokaa alijichimbia mashimo matatu ya gofu kwenye malisho ya ng'ombe, na kila mpira aliopiga ulikwenda kulia. Sisemi kwamba mara nyingi ulikwenda kulia. Nasema ulikwenda kulia kama maji yanavyokwenda bondeni. Ulipanda vizuri, ukaelekea kwenye kibendera kama mtu mwenye nia njema, halafu katikati ya safari ukakumbuka jambo, ukageuza bega na kuufuata mgunga mkubwa ulio karibu na ua wa seng'enge.

Shamba zima lilijua. Wakamuaji wakipeleka mitungi ya maziwa walipita kushoto. Mama zetu walianika nguo kushoto. Ng'ombe, ambao hawajafika hata darasa la kwanza, walilala kushoto bwana akicheza, wakatafuna bila wasiwasi. Kushoto palikuwa mahali salama kuliko pote katika upande wote wa Solai, na siku hizi mahali salama si pengi.

Mimi nasoma shule ya bweni Nakuru, na likizoni narudi kwa baba, ambaye amejenga kwenye ardhi ya bwana kwa ruhusa ya bwana, akimfanyia bwana kazi. Likizo ya mwaka jana bwana aliniona nimekaa tu kivulini. Kukaa tu kivulini ni kitu alichokipenda yeye mwenyewe, lakini hakukipenda kwa mtu mwingine. Akanipa kazi ya kubeba mfuko wa fimbo zake na kutafuta mipira. Kutafuta haikuwa kazi ngumu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka chini ya mgunga nikaiokota kama mayai.

Bwana alilaumu upepo. Siku ambayo hakuna upepo alilaumu utulivu. Siku moja mipira miwili ilikwama juu matawini na haikushuka, akasimama akiutazama mgunga kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mtu aliyechelewa kazini. Kisha akamwita ndugu yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni kufyeka nyasi za pale kwenye mashimo, akamwambia kwa Kiswahili chake cha shamba:

"Hii miti nakula mpira yangu. Wewe kata yeye. Kata mpaka chini. Nasikia?"

Ndugu yangu akasema ndiyo bwana. Ndugu yangu husema ndiyo bwana kwa kila jambo. Ungemwambia bwana amemwuza, angesema ndiyo bwana kisha aulize alale wapi. Lakini nilimwona uso umebadilika rangi, na nilijua kwa nini.

Juu ya mgunga ule, mahali majani yanaposongamana, kulikuwa na mzinga wake.

Sisi ni Watugen, watu wa nyuki, na ndugu yangu alikuwa anataka kuoa. Msichana alikuwa wa upande wa Subukia. Baba yake hakuwa mtu mgumu ila kwa neno moja: pombe ya siku ya posa lazima iwe ya asali, na asali lazima itoke kwenye mzinga wa mposaji mwenyewe. Isiwe ya dukani. Isiwe ya kuombwa kwa jirani. Mwanamume asiyeweza kukaa na nyuki, alisema mzee yule, hataweza kukaa na binti yangu. Waliomjua binti walisema mzee anasema kweli. Na asali ikikosekana, kulikuwa na dereva wa trekta kulekule Subukia, mwenye mizinga yake, mwenye kofia ya ngozi, mwenye meno yote, ambaye alikuwa ameshauliza habari.

Ungeweza kusema, basi si amweleze bwana. Haingewezekana. Miaka miwili nyuma nyuki walimuuma farasi wa memsaabu, mke wa bwana, farasi akamrusha memsaabu, na bwana akapiga marufuku mizinga shambani kote. Aliyepatikana na mzinga angefunga virago. Ungeweza pia kusema, basi auteremshe mzinga auhamishe. Hilo nalo halikuwezekana. Nyuki ukiwateremsha kabla asali haijaiva huona umewatukana. Huondoka wote siku hiyo na kukuachia gogo tupu na masega mabichi. Mgunga ulikuwa ndiyo kwanza umechanua. Asali ingeiva mwisho wa likizo yangu, si kabla.

Kwa hiyo shoka la ndugu yangu likaanza kuugua. Siku ya kwanza mpini ulikuwa umelegea. Siku ya pili alikuwa ameuloweka majini ili ukaze. Siku ya tatu ulikuwa umekaza lakini makali yalikuwa yameliwa na kutu, na jiwe la kunolea lilikuwa limeazimwa na mtu ambaye hakuwa nyumbani. Bwana alisikiliza habari za shoka lile kila asubuhi kama anavyosikiliza habari za ulimwengu kwenye redio, na uso ukawa unazidi kuwa mwekundu.

Nami nilikuwa kwenye mashimo, narudisha vipande vya nyasi.

Ni hivi. Bwana akipiga mpira, chuma cha fimbo humega kipande cha ardhi na nyasi zake, na kazi ya mbeba mfuko ni kukirudisha na kukikanyaga. Nilikuwa nimekanyaga vingi kabla ya kuona kitu. Vidonda vyote vile ardhini vilitazama kushoto, vikielekea birika la ng'ombe. Mipira yote ilikwenda kulia, ikielekea mgunga. Fimbo na mpira walikuwa wanakutana mara moja tu, kufumba na kufumbua, na kila walipokutana walikosana, kila mmoja akaenda kwao.

Nilimpelekea ndugu yangu habari hiyo alipokuwa anafyeka. Hakuvutiwa. Aliniita msomi, jina analoniita akitaka niondoke. Lakini nikakaa nikimtazama anavyolitumia fyekeo. Alilinyanyua mbali na mwili, upande wa nje, akalivuta likapita mbele yake kwa kukingama mpaka karibu na goti la kushoto. Bwana alipiga mpira vilevile, sawasawa. Bwana, na shamba lake lote, na fimbo zilizokuja kwa meli, alikuwa anafyeka.

Mtu ambaye hajawahi kuona gofu anaweza kuelewa kwa meza. Chukua kitambaa ufute meza, si kwa kusukuma kwenda mbele, bali kwa kuvuta kimshazari kutoka mbali kuja kwako. Sasa weka chungwa katikati ya njia ya kitambaa. Chungwa halitafuata mkono wako. Litafutwa ubavuni, lizunguke kama pia na kuukimbia mkono. Mpira wa gofu ni hivyohivyo. Unaangalia mambo mawili: uso wa chuma unatazama wapi, na fimbo inapita njia gani. Mambo hayo yakipatana, mpira huenda sawa. Yasipopatana, mpira huondoka ukizunguka, na hupinda kuikimbia njia ya fimbo. Fimbo ikitoka nje ikavutwa kushoto, mpira utakimbilia kulia. Kulia kulikuwa na mgunga. Kwenye mgunga kulikuwa na mke wa ndugu yangu, kwa namna ya kusema.

Haya yote sikuyajua siku hiyo. Niliyajua Jumamosi, bwana alipokwenda kucheza kwenye klabu ya wazungu wenzake Nakuru na kuniachia fimbo za zamani nizipake mafuta. Nilizipaka moja, halafu nikamwita ndugu yangu.

Alikuwa amevaa suruali yake nzuri, maana mchana alikuwa anakwenda Subukia kuonekana. Hakutaka kugusa fimbo ya bwana. Nilimwambia kwamba hapigi gofu, anachunguza maradhi. Akaishika kama fyekeo, akapiga kama fyekeo, na mpira ukaenda kulia kuliko ulivyowahi kwenda wa bwana. Ulilipiga tawi la mgunga. Halafu tukasikia sauti, ile sauti ya nyuki wakiulizana ni nani huyo.

Tulilala kifudifudi kwenye nyasi mpaka walipomaliza kuulizana.

"Msomi," ndugu yangu akasema, mdomo ukiwa ardhini, "umekuja kunisaidia ama umetumwa na yule wa trekta?"

Niliweka mpira wa pili. Ulibingirika kidogo ukasimama karibu na mavi ya ng'ombe, mabichi, ya asubuhi ile. Yalikuwa upande wa nje wa mpira, yaani upande ulio mbali na miguu ya mpigaji, na nyuma yake kwa upana wa kiganja hivi. Fimbo ya kufyeka ingetoka hukohuko nje na kupita katikati ya mavi kabla ya kuufikia mpira. Ndugu yangu akayatazama mavi. Akaitazama suruali yake. Akapiga kwa heshima kubwa, akiileta fimbo kutoka karibu na mwili wake, ndani ndani, ili isiguse pale. Mpira ukaenda sawa. Ukaenda sawa mpaka kwenye kibendera na kukipita.

Tuliweka mwingine mahali pasipo na mavi, ukaenda kulia. Tukaweka mwingine penye mavi, ukaenda sawa. Mwalimu wetu wa sayansi anasema jambo likirudi vilevile kila unapolijaribu, hiyo ni kanuni. Hajasema kanuni yenyewe inaweza kutoka wapi.

Ndugu yangu akauliza kama nitamwambia bwana. Nililifikiria hilo. Bwana anaweza kuambiwa jambo na farasi, na daktari, na redio. Memsaabu aliwahi kumwambia anapiga kama mtu anayefukuza kuku, na mpishi anasema walikula mezani bila kuongea mpaka mvua zilipokuja. Mimi nimwambie? Mimi ambaye mbele yake hata kukohoa kunahitaji sababu? Tukaona ni heri aambiwe na ng'ombe.

Jumatatu nilifika malishoni mapema kuliko ng'ombe. Bwana alikuwa na mahali pake pa kupigia, paliposuguliwa na viatu vyake pakawa upara. Nilipatengeneza. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki, na ndiyo sababu nilitumia ya leo, kutoka zizini.

Bwana alipofika aliniambia niyaondoe. Nikasema ndiyo bwana, nikachuchumaa, nikaanza kuyaondoa kwa jani moja. Niliyaondoa kwa uangalifu, nikilifuta jani kwenye nyasi na kurudi tena. Bwana alitazama saa. Alitazama mgunga. Mwisho akasema, "Wacha, wacha, toka," akaweka mpira wake.

Akafyeka.

Sitaeleza kwa urefu yaliyotokea. Nitasema tu kwamba chuma kilipita pale nilipojua kitapita, na kwamba soksi za bwana zilikuwa nyeupe, na kwamba kipande kidogo kilimfika kwenye sharubu. Mpira ulikwenda kulia. Bwana akanigeukia. Mimi nilikuwa nautazama mpira, kama inavyonipasa.

"Imekwenda kwa mgunga, bwana," nikasema.

Kesho yake yalikuwapo tena. Bwana aliuliza kwa nini ng'ombe wote wa shamba hili wanapenda mahali hapa. Nikasema labda wanapapenda kwa sababu bwana anapapenda. Alijaribu kuhama hatua chache, akakuta hata huko wamefika. Akamwita mchungaji wa ng'ombe, ambaye ni mjomba wangu, akamgombeza, na mjomba akaapa kwa ukweli kabisa kwamba ng'ombe hawakulala pale. Jioni alikuja nyumbani kwa baba kusema kuna jambo lisilo la kawaida linalowapata wanyama.

Siku zilivyokwenda, bwana akaanza kupiga kwa woga. Woga ule ulikuwa mzuri sana kuutazama. Kwanza aliinua fimbo kama zamani, kisha kwenye kushuka mikono ikakumbuka zile soksi, ikajikunyata karibu na tumbo, na chuma kikaja kutoka ndani. Mpira wa kwanza wa namna hiyo ulipinda kulia kidogo tu, ukaanguka kabla ya kivuli cha mgunga. Wa siku iliyofuata haukupinda. Ulikwenda sawa, ukatua, ukabingirika, ukasimama penye kibendera kama ng'ombe aliyefika kwao.

Bwana alisimama na fimbo begani. Nilisikia nyuki kutoka mgungani.

"Wewe naona?" akaniuliza.

"Nimeona, bwana."

"Ni kofia," akasema. Alikuwa na kofia mpya, aliyoinunua Nakuru.

Nikamwambia ni kofia nzuri.

Usiku ule ndugu yangu alikula ugali wa watu wawili. Tuliona kama mambo yamekwisha. Lakini binadamu akiwa na chuki ya zamani haiachi kwa sababu haina kazi tena. Jumamosi bwana alirudi kutoka Nakuru, akashuka kwenye gari, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti na kumpa ndugu yangu mkononi. Kilikuwa mpini mpya wa shoka. Akampa na jiwe la kunolea.

"Jumatatu," akasema. "Mimi nataka ona miti yote chini."

Ndugu yangu akasema ndiyo bwana. Asali ilikuwa imebakiza siku chache. Na kesho yake, Jumapili, kabla ya Jumatatu hiyo, alikuwa anakuja shangazi wa msichana.

Baba wa msichana alikuwa amemtuma dada yake auone mzinga kwa macho, ndipo siku ya posa itajwe. Yeye akisema hapana, ni hapana, na trekta itawashwa. Alifika kabla watu hawajamaliza chai. Siku hizi za Hali ya Hatari mgeni hafiki tu, husimamishwa na askari kwenye daraja na kuulizwa anatoka wapi na kwa nini. Shangazi alisimamishwa. Nasikia mwisho wa mazungumzo askari ndiye aliyekuwa anajibu maswali. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kikapu kikubwa na ugoro, na macho yanayokutazama kama umeletwa kuuzwa na una kilema mahali.

Bwana na memsaabu walikuwa kanisani Nakuru, na Jumapili hula chakula cha mchana hukohuko. Tulikuwa na nafasi. Ndugu yangu alichagua pa kumkalisha mgeni kwa hekima yote aliyokuwa nayo: kushoto, karibu na birika la ng'ombe, juu ya kigoda cha mama, mahali ambapo tangu mashimo yale yachimbwe hapajawahi kufika mpira. Ukikaa pale unauona mzinga vizuri kati ya majani, mnene, na nyuki wakiingia na kutoka kama watu wa Nakuru siku ya soko.

Shangazi alitazama mzinga. Alivuta ugoro. Akauliza nyuki wale ni wa nani, ndugu yangu akasema ni wake. Akauliza bwana anasemaje. Ndugu yangu akasema bwana hajui. Akauliza na siku bwana akijua?

Ndugu yangu alitazama viatu.

"Huyu husema nini akiulizwa?" shangazi akanigeukia mimi.

"Husema ndiyo bwana," nikasema.

"Mimi si bwana."

Niliona siku ya posa ikienda zake kwa miguu kuelekea Subukia. Na wakati huohuo nikasikia gari.

Bwana hakuwa amekula chakula cha mchana Nakuru. Baadaye mpishi alisema kwamba tangu kofia ilipoanza kufanya kazi, bwana hakuweza kukaa kwenye kiti akamaliza supu. Alishuka garini na nguo za kanisani, akachukua fimbo moja na mipira mfukoni, akaja mbio mbio mpaka pale kwenye upara. Hakututazama. Sisi tulikuwa kushoto, na macho yake yalikuwa yamezoea kwamba kushoto hakuna kitu.

Jumapili siweki mavi. Ni siku ya mapumziko. Lakini bwana alikuwa ameshajifunza kuyaogopa hata yasipokuwapo. Nilimwona akiinua fimbo, nikaona mikono ikijikunyata kuliko siku zote, na chuma kikija kutoka nyuma ya mgongo wake kabisa, kikitupwa kwenda nje kulia, na viganja vikigeuka kuufunga uso wa fimbo. Nilijua kanuni. Fimbo inakwenda kulia, uso umefunga kutazama kushoto, na mpira huikimbia njia ya fimbo. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nilichagua neno baya. Nilisema, "Kumbe."

Mpira uliondoka kulia kidogo, ukielekea mgunga kwa mara ya mwisho kama unaouaga. Halafu ukapinda kushoto. Ulikuja ukizunguka, chini chini, kwa kasi ambayo mipira ya bwana haikuwahi kuwa nayo, ukapita juu ya ng'ombe mmoja aliyekuwa amelala akiamini alichofundishwa na mama yake, ukampiga shangazi kwenye paja na kutumbukia kikapuni mwake.

Shangazi hakupiga kelele. Alifunga kikapu kwa kanga, akakaa kama alivyokuwa.

Bwana alikuja akiwa anakimbia, kofia mkononi. Alipofika alimtazama yule mwanamke, akatutazama sisi, na nikaona hasira na aibu zikishindania nafasi moja usoni. Hasira ndiyo iliyofika kwanza.

"Nani huyu? Nafanya nini hapa kwa golofu yangu?"

Nilimtazama ndugu yangu nikingoja ndiyo bwana. Nilikuwa nimeshaisikia kabla haijatoka.

"Huyu ni shangazi yangu," ndugu yangu akasema. "Umempiga, bwana. Mwambie pole."

Sijui alilitoa wapi. Hata yeye alionekana kama mtu aliyekohoa akatema jiwe. Ng'ombe waliacha kutafuna, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia. Bwana akaikumbatia kofia kifuani, akainama kidogo, akasema, "Pole, mama."

Shangazi anajua Kiswahili kuliko mimi. Lakini alimgeukia ndugu yangu akamwuliza kwa lugha yetu mtu huyu mwekundu anataka nini. Ndugu yangu akasema anasema pole.

"Mwambie nimesikia. Akiuliza mpira, mwambie nimeumeza."

Ndugu yangu akamwambia bwana kwamba mama amepokea pole. Bwana akashukuru. Ingekuwa ameondoka hapo, hadithi ingekwisha. Lakini alipogeuka aliona jinsi kigoda kilivyowekwa, kikitazama mgunga, na sisi watatu tulivyokaa kama watu walioko sinema. Akatazama tulikokuwa tunatazama. Akakunja macho, maana jua lilikuwa upande ule.

"Nyinyi naangalia nini kule juu?"

Ndugu yangu alikuwa amekwisha kutumia ujasiri wake wa mwaka mzima. Sasa ilikuwa zamu yangu.

"Tunatafuta mpira, bwana," nikasema.

"Mpira?" Aliumia. Niliona kabisa ameumia. "Mpira yangu hapana kwenda kule sasa. Wewe naona mwenyewe. Sasa nakwenda hii upande."

"Ndiyo bwana. Ni mazoea tu."

Bwana aliutazama mgunga tena, lakini sasa kwa namna nyingine, kidevu juu, kama bondia anavyomtazama aliyemwangusha. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka mbele ya macho yake. Alichoona yeye ni mti ulioshindwa.

"Shoka, wacha," akamwambia ndugu yangu. "Miti nakaa pale. Kila siku mimi napiga mpira, yeye naona."

"Ndiyo bwana," ndugu yangu akasema, na hii ndiyo "ndiyo bwana" pekee niliyowahi kumsikia akiisema kutoka moyoni.

Shangazi alipoondoka jioni alikuwa anachechemea kidogo, na hakukubali mtu ambebee kikapu. Alichomwambia kaka yake huko Subukia tulikisikia kwa watu. Alisema mzinga upo na umejaa. Alisema kijana huyo ni mzito wa kusema, lakini amemwita yeye shangazi mbele ya mzungu kabla hata posa haijafanywa, kwa hiyo sasa aibu itakuwa kukataa. Akasema pia kwamba kwenye shamba lile watu wanapigwa wakikaa kushoto, na binti ajengewe nyumba upande wa kulia.

Asali ilivunwa. Nilishika mwenge wa moshi, niliumwa sikioni, na nilirudi shuleni sikio moja likiwa mwanafunzi na jingine likiwa chapati. Pombe ilipikwa, binti akaja, na wanaosema ni mkali wanasema kweli. Nyumba yao iko upande wa kulia. Mzinga umerudi kwenye mgunga, chini kidogo ya mahali pake pa zamani, ili mke wa ndugu yangu aweze kuusimamia.

Muhula huu dereva wa lori la maziwa alipita shuleni kwetu na kuniita penye lango. Alisema bwana amewahamishia ng'ombe malisho mengine, mashimo ni masafi, hakuna hata kinyesi kimoja, na mikono ya bwana imesahau woga wake. Mpira umeanza tena kwenda kulia. Bwana ameacha kuiamini kofia, na wiki iliyopita aliutaja mgunga mara mbili wakati wa chai.

Nilimwuliza dereva, na ndugu yangu anasemaje?

"Anasema mpini wa shoka umelegea tena," dereva akasema. "Na anauliza nyinyi wasomi mnafunga shule lini."